Mtoto Akidanganya Darasani: Mwalimu na Wazazi Wafanye Nini?



Katika vikundi tunavyotembelea, baada ya kumaliza habari za mbuzi, mikopo na matangi ya maji, mazungumzo mara nyingi hurudi kwa watoto na shule. Wazazi wanalalamika kwamba watoto wa siku hizi wanasema uongo. Walimu nao, na baadhi yao ni wanachama wa vikundi hivi hivi, wanasema mtoto akishikwa na penseli ya mwenziwe anaapa mbele ya darasa zima kwamba hakuichukua. Halafu swali linatoka: sasa tufanye nini, na fimbo imekatazwa?

Swali hili ni la maana, na si la mwalimu peke yake. Mtoto anayezoea kudanganya katika Gredi ya 3 ndiye atakayekuwa mweka hazina wa kikundi miaka 20 ijayo. Vilevile mtoto anayeitwa mwizi bila kosa anaweza kuichukia shule na kuiacha kabisa. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili polepole ili kila kikundi kilijadili.

Kama msomaji atasahau mengine yote, akumbuke hili moja: mtoto husema ukweli pale ambapo ukweli haumgharimu kuliko uongo. Kazi ya mwalimu ni kupunguza bei ya ukweli, lakini bila kuliacha kosa lipite bure.

UDANGANYIFU UKO WA NAMNA NYINGI

Mwalimu akiutia udanganyifu wote katika kapu moja, atakosea dawa. Hebu tuangalie namna zinazoonekana sana katika shule za msingi:

(a) Uongo wa kujikinga. "Mwalimu, nilisahau daftari nyumbani." Kumbe daftari lilijaa wiki mbili zilizopita, na mama hajapata pesa ya kununua lingine.

(b) Uongo wa kujisifu. "Baba yangu ana malori matatu." Mtoto anataka aonekane na wenzake, basi.

(c) Kunakili kazi ya mwenzake, au kuingia kwenye mtihani na vikaratasi vile ambavyo wanafunzi wetu huviita mwakenya.

(d) Kubadilisha alama, kama kufanya 3 iwe 8 kabla ya kumwonyesha baba, au kujitilia sahihi ya mzazi kwenye daftari.

(e) Kuchukua kitu cha mwingine: penseli, raba, pesa ya chakula.

Umri pia una maana. Mtoto wa miaka mitano akisema ameona mbwa mkubwa kama ng'ombe, huenda anacheza na maneno tu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza mawazo ya watoto, aliandika mwaka wa 1932 kwamba watoto wadogo hupima ubaya wa uongo kwa ukubwa wake, si kwa nia ya kudanganya. Kwa mtoto wa namna hiyo, mbwa mkubwa kama ng'ombe ni uongo mbaya kuliko kusema "nimepata alama nzuri" wakati hakupata. Kadiri anavyokua ndipo anapoanza kuelewa kwamba ubaya uko katika kumpotosha mwenzako. Kwa hiyo mtoto wa chekechea anahitaji kufundishwa, na yule wa Gredi ya 6 anahitaji kuulizwa kwa nini.

KWA NINI MTOTO ANADANGANYA?

Sababu ya kwanza ni hofu. Anaogopa kupigwa, kuchekwa, au kusomwa jina kwenye paredi.

Ya pili ni upungufu. Mtoto asiye na penseli, anayekaa karibu na mwenye penseli tatu, ana jaribu kubwa. Na mtoto aliyetoka nyumbani bila chai akiona mandazi ndani ya mkoba wa jirani, tumbo lake linazungumza kabla ya dhamiri.

Ya tatu ni alama. Mtihani wa K.C.P.E., ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulitufundisha kuuliza swali moja tu mtoto akitoka shuleni: "Umepata ngapi?" Mtihani umeondoka lakini swali limebaki. Mtoto anayeulizwa alama kila siku, bila kuulizwa amejifunza nini, atatafuta alama kwa njia yoyote.

Ya nne ni sisi wakubwa. Tutarudi hapo baadaye.

FIMBO NA UONGO

Zamani uongo ulikuwa na fimbo yake iliyoandikwa. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka wa 1972 ziliutaja uongo kwa jina kati ya makosa ambayo mwanafunzi angeweza kuchapwa. Hata hivyo zilikuwa na masharti: uchunguzi ufanywe kwanza, mtoto asichapwe mbele ya wanafunzi wengine, na viboko visizidi sita. Wengi wetu tuliosoma wakati huo tunajua masharti hayo yalifuatwa kiasi gani.

Mwaka wa 2001 Serikali iliondoa ruhusa hiyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili na adhabu za kinyama. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, ikakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kwa maneno. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Angalieni kwamba maneno nayo yamo. Kumwita mtoto "mwizi wewe, kama baba yako" mbele ya darasa si nidhamu.

Lakini tuache sheria kidogo tuulize: je, fimbo inaondoa uongo? Mwaka wa 2011 watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walitoa utafiti uliofanywa katika shule mbili za Afrika Magharibi. Shule moja iliwachapa watoto na nyingine haikuwachapa. Watoto wa miaka mitatu na minne waliambiwa wakisie kichezeo kwa kusikiliza sauti yake tu, bila kugeuka kukitazama. Mtu mzima akatoka chumbani. Katika shule zote mbili watoto wengi walichungulia. Hiyo ndiyo tabia ya watoto. Tofauti ilionekana walipoulizwa kama walichungulia. Katika shule ya fimbo, waliochungulia karibu wote walikana. Katika shule isiyo na fimbo, wengi zaidi walisema ukweli. Tena wale wa shule ya fimbo walikuwa mafundi zaidi wa kuuficha uongo wao walipoendelea kuulizwa.

Maana yake ni kwamba fimbo haikuzuia kosa. Ilifundisha kulificha.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili katika vikundi vyetu. Mwanachama akishindwa kulipa mkopo, na kikundi kikamfokea na kubeba sufuria zake, mwezi ujao hatakuja. Atatuma mtoto aseme ni mgonjwa. Lakini kama kikundi kina kanuni kwamba anayekuja kabla ya tarehe na kueleza shida yake atapangiwa upya, na faini ndogo, huyo atakuja mwenyewe. Mkopo bado atalipa. Tofauti ni kwamba mlango wa kusema ukweli umeachwa wazi. Mtoto naye ni hivyo hivyo.

PESA IKIPOTEA DARASANI

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme ni Gredi ya 4, baada ya mapumziko ya asubuhi. Msichana analia kwamba shilingi 50 alizopewa za kununua daftari zimepotea.

Njia ambayo wengi tunaijua ni hii: mlango unafungwa, mikoba inamwagwa, watoto wote wanapigishwa magoti mpaka mwizi ajitokeze. Macho ya darasa yanamwendea mtoto mmoja, mara nyingi yule ambaye sare yake imechakaa. Hata kama pesa haikuonekana kwake, jina tayari amepewa. Na jina la mwizi halitoki kwa sabuni. Isitoshe, watoto 50 wameadhibiwa kwa kosa la mmoja, na somo la hesabu limepotea.

Njia iliyo bora ina hatua hizi:

1. Usianze na "Nani?" Ongea kwanza na aliyepoteza, peke yake. Pesa aliiona lini mara ya mwisho? Aliiweka wapi? Mfuko haujatoboka? Si mara moja pesa "iliyoibwa" imepatikana ndani ya soksi.

2. Fungua mlango wa kurudisha. Mwalimu aliambie darasa hivi: "Shilingi 50 za mwenzetu zimepotea. Zilikuwa za daftari, na bila hizo hataandika kesho. Huenda mtu ameziokota, huenda amezichukua. Yeyote aliye nazo aziweke katika kile kikopo kilicho stoo, au aje kwangu kabla ya kengele ya jioni. Sitamtaja mbele ya darasa." Halafu wote watumwe stoo mmoja mmoja kuweka vitabu, ili asiyetaka kuonekana asionekane.

3. Zisiporudi, usimshuku mtu kwa sababu ya umaskini wake au ya ndugu zake. Tafuta ushahidi. Kama hakuna, kubali kwamba hujui. Ni afadhali mwenye kosa mmoja aponyoke kuliko asiye na kosa aaibishwe.

4. Ukiwa na ushahidi, zungumza na mtoto peke yake, mbali na masikio ya wenzake, lakini mahali panapoonekana, kama chini ya mti au ofisini mlango ukiwa wazi. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mwalimu.

5. Usimtege. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Mwalimu ameona kwa macho yake, halafu anauliza, "Je, wewe ulichukua pesa?" Mtoto aliyeshikwa na hofu atasema "hapana", na sasa kuna makosa mawili badala ya moja. Kama unajua, sema unachojua: "Nimekuona ukinunua mandazi kwa noti ya shilingi 50, na asubuhi uliniambia huna pesa. Sitakupiga. Nataka tuongee jinsi pesa hii itakavyorudi."

6. Uliza sababu, kisha usikilize. "Ni kitu gani kilikufanya uchukue?" Huenda ni njaa. Huenda ni mvulana mkubwa anayemtuma na kumtisha. Huenda ni tamaa tu. Kila sababu ina dawa yake.

7. Akisema ukweli, mshukuru. "Asante kwa kuniambia. Najua ilikuwa ngumu." Maneno haya hayafuti kosa, lakini yanamfundisha kwamba ukweli haukumletea hasara.

8. Kosa lilipwe. Pesa irudi. Kama imeliwa, mzazi aitwe kwa upole, wapange pamoja mtoto atakavyoilipa. Anaweza kuuza mayai ya kuku wake, au kufanya kazi ndogo nyumbani. Mtoto amwombe radhi mwenzake, faraghani. Adhabu ya kukata nyasi uwanja mzima hairudishi shilingi hata moja kwa yule msichana.

9. Funga shauri. Likisha kwisha, limekwisha. Kitu kingine kikipotea mwezi ujao, mwalimu asimtazame yule yule kwanza.

MADAFTARI MAWILI, KOSA MOJA

Habari ya kunakili iko tofauti kidogo. Mwalimu anasahihisha na kukuta watoto wawili wameandika 7 mara 8 ni 54, na mmoja hata amenakili jina la mwenzake juu ya ukurasa. Hapa hakuna haja ya kesi. Kila mmoja apewe hesabu mbili za namna ile ile, afanye akiwa mbele ya meza ya mwalimu huku akieleza kwa mdomo. Ndani ya dakika tano ukweli utakuwa umejionyesha. Anayeweza ndiye mwenye kazi. Asiyeweza hakuwa na shida ya tabia peke yake: hakuelewa somo, na aliogopa kusema.

Kazi iliyonakiliwa isipewe alama. Mtoto aifanye upya, kisha alama awekewe kwa ile aliyofanya mwenyewe, hata kama ni 2 kwa 10. Mwalimu amwambie, "Hii 2 ni yako. Tunaanzia hapa." Na yule aliyetoa daftari lake aulizwe pia. Mara nyingine alitishwa, mara nyingine alinunuliwa kwa mandazi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Safu moja ya madawati inaweza kupewa maswali tofauti na safu ya pili. Alama zitolewe kwa njia ya kufanya, si kwa jibu peke yake. Kazi ya nyumbani iwe kidogo, ile ambayo mtoto anaweza kuimaliza kabla ya giza mahali pasipo na stima. Na mtoto anayesema "Mwalimu, sijaelewa" asichekwe kamwe. Darasa ambalo "sijaelewa" inaruhusiwa lina unakili mdogo.

HADITHI TUNAZOWASIMULIA

Wazee wetu walifundisha kwa hadithi, na jambo hilo lina nguvu bado. Lakini ni hadithi gani? Katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2014, Kang Lee na wenzake nchini Kanada waliwasimulia watoto wa miaka mitatu hadi saba hadithi mbalimbali, kisha wakawapima. Hadithi za mwongo aliyepata taabu, kama yule mchungaji aliyelia "mbwa mwitu" bure, hazikubadilisha kitu. Hadithi iliyosaidia ni ile ya mtoto aliyekiri kosa lake na baba yake akafurahi kwa ukweli wake.

Kwa hiyo mwalimu, na bibi nyumbani, wanaposimulia jioni, wasisimulie tu jinsi Fisi alivyoumbuka. Wasimulie pia aliyesema ukweli akaheshimiwa.

NA SISI NYUMBANI?

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mweka hazina wa kikundi anapiga hodi kuchukua mchango, na mama aliye jikoni anamnong'onezea mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto anatoka na kusema, "Mama amesema hayuko." Tunacheka, lakini somo limeingia. Kesho tunamlaumu mwalimu.

Jambo la pili ni kazi za mradi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, watoto huletewa kazi za kutengeneza vitu: sanamu ya kufukuza ndege shambani, kikapu, kichezeo cha udongo. Mzazi anaogopa mtoto wake aonekane nyuma, basi anakaa usiku akitengeneza mwenyewe, au anamlipa fundi. Asubuhi mtoto anabeba kazi nzuri sana na kusema, "Nimetengeneza." Huo ni udanganyifu ambao sisi ndio tumeupanga. Mzazi asaidie kutafuta vijiti na matambara, akae karibu, lakini mikono iwe ya mtoto. Kikapu kilichopinda cha mtoto kina faida kuliko kikapu kizuri cha fundi. Walimu nao wakipokea kikapu kilichopinda wakisifu.

Jambo la tatu ni jinsi tunavyopokea ukweli. Mtoto akija kusema amevunja kikombe, akapigwa, kikombe cha pili kitavunjwa na paka.

KIKUNDI KINAWEZA KUSAIDIA NAMNA GANI?

Tusimwachie mwalimu mzigo wote. Haya ni mambo ambayo kikundi cha kawaida kinaweza kufanya:

- Kuchanga kidogo na kununua penseli na madaftari kwa bei ya jumla, yawekwe darasani katika sanduku. Mtoto asiye na kitu anaazima na kurudisha, bila maswali mengi. Mtoto mmoja achaguliwe kila wiki kulitunza na kuhesabu. Hiyo pia ni shule ya uaminifu.

- Kuchangia uji au githeri pale ambapo shule haina mpango wa chakula.

- Kumwomba mwalimu mkuu na Bodi ya Usimamizi wakae na wazazi waandike kanuni fupi: kitu kikipotea tutafanya nini, kazi ikinakiliwa tutafanya nini. Kanuni zikijulikana mapema, hakuna atakayedhani ameonewa.

- Kufuatilia kwa upole mtoto anayerudia kosa mara kwa mara. Mtoto anayeiba kila wiki anatuambia jambo. Huenda nyumbani hakuna chakula, huenda anateswa. Huyo asifukuzwe, aangaliwe na mwalimu, mzazi na, ikihitajika, ofisa wa watoto.

- Mtoto akipigwa au kudhalilishwa shuleni, wazazi waanze kwa mwalimu mkuu, kisha Bodi, kisha ofisi ya Tume ya Kuajiri Walimu. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na haitozwi pesa.

Vitu hivi havihitaji mfadhili. Vinahitaji kikao kimoja na watu wa kuvifuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho mtoto wako alipokuambia ukweli mgumu, ulimjibu nini? Je, atarudi kukuambia tena?

2. Katika shule yetu, kitu kikipotea darasani hufanywa nini? Ni nani huumia zaidi?

3. Mwanachama akichelewa kulipa mkopo, kanuni zetu zinamsaidia kusema ukweli au zinamfundisha kujificha?

4. Sanduku la penseli kwa darasa moja litagharimu shilingi ngapi kwa muhula? Ni nani kati yetu ataenda kuongea na mwalimu mkuu, na lini?

Swali la nne lisiahirishwe. Katibu aandike jina na tarehe kabla kikao hakijafungwa.